Taa Inayokesha: Somo Nililolipata Kwenye Boma la Mbuzi

(Hotuba iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi mjini Garissa, alasiri ya mwezi wa Ramadhan. Tumeiacha kama ilivyosemwa, ila tumepunguza marudio.)



Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, Subhaanahu Wata'ala, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Wazee wangu, kina mama, na nyinyi vijana mliokaa kule nyuma karibu na mlango mkingojea adhana ya Magharibi, nimepewa nusu saa. Walionitangulia wamezungumzia saumu, zaka na malezi, na wamezungumza vizuri mashallah. Mimi ni fundi wa redio na simu. Ninachokijua ni waya. Kwa hivyo leo nitazungumzia taa. Msicheke! Nitawaeleza jinsi kijana wa hapa hapa Garissa anavyoweza kutengeneza, kwa mikono yake, taa inayohisi, inayoamua na inayojibu. Na nitawaeleza pia jinsi taa yangu ya kwanza ilivyonitia aibu mbele ya mtoto.

Sisi watu wa Garissa tuna mtaa mzima unaoitwa Iftin, na mnaojua Kisomali mwajua kwamba jina hilo maana yake ni mwangaza. Tuna mtambo mkubwa wa umeme wa jua uliozinduliwa Desemba 2019, wenye uwezo wa megawati 50 na zaidi kidogo, na umeme wake unaingia kwenye gridi ya taifa. Jua letu linawasha taa za watu wasiowahi kutuona. Hata hivyo, toka mjini kwa pikipiki mwendo wa saa moja, uingie porini, utakuta giza totoro. Huko ndiko mifugo yetu inakolala, na huko ndiko kisa changu kilikotokea.

Ulisema taa itakesha

Dada yangu na mumewe ni wafugaji. Wana mbuzi, na boma lao ni la miiba kama mnavyoyajua maboma yetu. Kwetu simba wapo, lakini msumbufu wa kila siku ni fisi. Kwa hivyo kila usiku lazima mtu akeshe, na mwaka ule mkeshaji alikuwa mtoto wa dada yangu, mvulana wa darasa la saba. Anakaa na tochi mpaka alfajiri, halafu anatembea kwenda shule. Mwalimu wake akatuita. Akasema mtoto huyu ana akili, lakini kila siku saa nne asubuhi ashalala kwenye dawati.

Mimi nikajiona mjomba mwenye elimu. Nikasema hili ni jambo dogo. Nikachukua taa ndogo za LED 12, zile za volti 12 zinazofungwa kwenye pikipiki, kila moja wati 1. Nikazizungusha kwenye boma lote, nikaziunganisha na betri ya pikipiki na paneli ndogo ya sola. Jioni nikaziwasha, boma likang'aa kama harusi. Wanawake wakapiga vigelegele. Nikamwambia yule mtoto, "Leo nenda ukalale. Taa itakesha."

Akalala. Na saa nane usiku fisi wakaingia.

Tuliposhtuka kwa kelele za mbuzi, boma lilikuwa giza. Taa zote zilikuwa zimezimika, wala hatukujua tangu saa ngapi. Asubuhi tulihesabu mbuzi wanne waliokufa na wawili waliojeruhiwa. Mmoja kati ya wale wanne alikuwa wa yule mtoto mwenyewe. Babu yake alikuwa amempa akiwa mdogo, na mpango ulikuwa auzwe siku ya kuingia kidato cha kwanza ili anunuliwe sanduku na sare. Mtoto hakulia. Aliniangalia akasema, "Abti, ulisema taa itakesha." Abti ndivyo sisi tunavyomwita mjomba.

Ndugu zanguni, sikuwa na jibu. Babu yake, mzee ambaye hajui kusoma, ndiye aliyenieleza kosa langu kwa maneno machache: umeipa taa kazi, hukuipa chakula cha kutosha.

Hesabu ambayo sikuipiga

Vijana mnaosoma fizikia, nisaidieni. Taa 12 za wati 1 ni wati 12. Wati 12 ukigawa kwa volti 12 unapata ampea 1. Betri yangu ilikuwa ya ampea-saa 7. Yaani, ikiwa mpya na imejaa, ingetoa ampea 1 kwa muda wa saa 7. Lakini yangu ilikuwa imezeeka, ikatoa saa 5 tu au chini yake. Niliziwasha saa moja jioni. Hesabu: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Saa sita za usiku taa zilikuwa zimekufa. Fisi walikuja saa nane.

Tena betri ya aina hii haipendi kumalizwa yote. Ukitaka ikae, tumia nusu tu kisha uichaji. Kwa hivyo kusema kweli mimi nilikuwa na haki ya saa tatu na nusu za mwanga, na nilikuwa nimemwahidi mtoto usiku mzima.

Na kuna kosa la pili. Taa zangu ziliwaka tu. Zilimulika miti, zikamulika mawe, zikamulika mbuzi waliolala, bila kujua lolote. Nilikuwa nateketeza chakula cha betri kumwangazia asiyekuwepo. Huo ndio israfu, na mwezi huu tumeusikia sana ubaya wake kwenye chakula. Basi na kwenye umeme pia upo.

Taa inayojibu ni nini?

Taa inayojibu inafanya mambo matatu. Kwanza inahisi: usiku umeingia? Kuna kitu kinasogea? Pili inaamua: niwake au ninyamaze? Tatu inatenda.

Msidhani kwamba fikra hii ni ngeni kwetu Waislamu. Katika karne ya tisa kule Baghdad walikuwepo ndugu watatu, watoto wa Musa bin Shakir, maarufu kama Banu Musa: Muhammad, Ahmad na al-Hasan. Waliandika kitabu cha vifaa vya ajabu, Kitab al-Hiyal. Miongoni mwa vifaa hivyo ni taa ya mafuta inayoinua utambi wake yenyewe na kujijaza mafuta yenyewe. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita walikuwa wanaliwaza lile lile lililonishinda mimi: taa ijiangalie wakati mwenye nyumba amelala.

Leo kazi ya kuamua tunaipa maikrokontrola. Hiyo ni kompyuta ndogo iliyo ndani ya chipu moja. Haina kioo wala kibodi. Ina miguu, na kwenye miguu hiyo unafunga vitu vya kuhisi upande mmoja na vitu vya kutenda upande wa pili. Mashine ya kufua nguo inayo, rimoti ya televisheni inayo.

Iliyo rahisi kwa mwanafunzi inaitwa Arduino. Ilianzia mji wa Ivrea nchini Italia mwaka 2005, kwenye chuo cha ubunifu, kwa sababu walimu walitaka bodi ya bei nafuu ambayo hata asiye mhandisi angeweza kuitumia. Ilijengwa juu ya kazi ya mwanafunzi wa Kikolombia, Hernando Barragán, aliyeanzisha mradi wa Wiring mwaka 2003. Bodi inayojulikana zaidi, Arduino Uno, ina chipu ya ATmega328P inayopiga hatua milioni 16 kwa sekunde. Kumbukumbu yake ya programu ni kilobaiti 32 tu. Picha moja ya simu yako haitoshi humo. Lakini kwa kulinda mbuzi inatosha na kubaki.

Kijana mmoja aliniuliza: hizi bodi za bei rahisi zilizonakiliwa, zinazouzwa Nairobi pale Luthuli Avenue, si wizi? Jibu ni kwamba wenye Arduino wenyewe waliichapisha michoro yake ili watu waitengeneze. Walichokizuia ni kuchukua jina lao. Kwa hivyo bodi iliyofuata mchoro na kubeba jina lake yenyewe ni halali yako. Iliyoandikwa jina la Arduino na si yao, hiyo ni ya kudanganya.

Anza na taa moja

Usianze na boma. Anza mezani. Chukua LED moja nyekundu, ile ndogo ya miguu miwili. LED za rangi nyekundu zilitengenezwa na Nick Holonyak kule Marekani mwaka 1962. Ya buluu yenye mwanga wa kutosha ikachelewa miaka thelathini, na bila ya buluu hatungekuwa na taa hizi nyeupe. Ndiyo maana Wajapani Akasaki na Amano, pamoja na Nakamura mzaliwa wa Japani, walipewa Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2014.

Mguu mrefu wa LED ni chanya, mfupi ni hasi. Ukiifunga moja kwa moja kwenye volti 5 itaungua, kwa maana LED haijui kukataa. Inakunywa mkondo mpaka ife. Kwa hivyo iwekee rezista. Hesabu yake ni hii: bodi inatoa volti 5, LED nyekundu inachukua kama volti 2, zinabaki 3. Ukitumia rezista ya omu 220, gawa 3 kwa 220, unapata miliampea 13 na kitu. Mguu wa bodi unabeba miliampea 20 kwa usalama, na 40 ndio mwisho wake kabisa. Basi uko salama.

Unaunganisha bodi na kompyuta kwa waya wa USB, unaandika programu fupi: washa, ngoja nusu sekunde, zima, ngoja, rudia. LED ikianza kukonyeza, wallahi utafurahi kama mtoto. Mimi mtu mzima nilifurahi.

Hatua ya pili, ongeza kitu cha kuhisi mwanga. Kiko kidogo kama punje ya dengu. Ukinzani wake unapungua kukiwa na mwanga na kuongezeka kukiwa na giza. Ukifunga pamoja na rezista ya kilo-omu 10, bodi itakupa namba kutoka 0 mpaka 1023. Ifunike kwa kiganja, tazama namba ikishuka. Hapo sasa mwambie: namba ikiwa chini ya 300, ni usiku, washa. Taa yako imeanza kujibu.

Makosa niliyoyafanya, msiyarudie

Nilipolirudia boma, sikuanza na waya. Nilikaa na yule mtoto, nikamwambia, nifundishe. Akanifundisha. Akasema fisi hawaji kutoka pande zote. Wengi hupandia upande wa laga, kwenye mchanga, kwa sababu huko hawasikiki. Akasema mbuzi huamka na kusimama kabla fisi hajafika. Mimi na vyeti vyangu sikuyajua hayo. Sensa mbili nikaziweka upande wa laga na moja upande wa mlango. Bila mtoto yule ningeziweka mahali pasipo na maana.

Sensa zenyewe ni zile zinazohisi joto la mwili likisogea. Zinaona mpaka mita 7 hivi. Mchana wa Garissa, hewa ikikaribia joto la mwili, zinakuwa kama kipofu, lakini usiku zinafanya kazi.

Kosa la kwanza: nilizielekeza ndani. Mbuzi akijigeuza tu, kengele! Usiku mzima kengele. Zielekeze nje, na ziwe na kizuizi upande wa ndani.

Kosa la pili: kile kihisi-mwanga nilikiweka karibu na taa. Giza likiingia, taa zinawaka. Kihisi kinaona mwanga, kinadhani kumekucha, kinazima. Giza tena, zinawaka. Zikawa zinacheza ngoma. Dawa ni kukitia ndani ya kipande cha bomba kinachotazama juu. Tena usitumie namba moja. Mwambie awashe ikishuka chini ya 300, na asizime mpaka ipande juu ya 500.

Kosa la tatu ni la programu. Ukimwambia "ngoja sekunde tano", maikrokontrola inangoja kwelikweli, haisikii lolote. Fisi akipita ndani ya sekunde hizo, kapita. Badala yake mfundishe kutazama saa yake: je, sekunde tano zimefika? Hazijafika? Basi endelea kusikiliza, kisha tazama tena. Na sisi wazazi somo hilo linatuhusu.

Kosa la nne: taa za volti 12 huwezi kuzifunga kwenye mguu wa bodi. Taa tatu ni robo ya ampea, na mguu unabeba miliampea 20 tu. Katikati weka transista, kwa mfano TIP122, na rezista ya kilo-omu 1 kwenye mguu wake wa amri. Bodi inatoa amri ndogo, transista inabeba mzigo. Na waya hasi wa betri na waya hasi wa bodi lazima ziungane, la sivyo amri haifiki. Siku mbili nzima nilipoteza kwa waya mmoja huo.

Kosa la tano: usiipe bodi volti 12 za betri ya sola, maana ikichajiwa inapanda mpaka 14. Tumia ile chaja ya simu ya ndani ya gari. Inashusha mpaka volti 5 na ina tundu la USB tayari. Paneli ipitie chaji kontrola, na karibu na betri weka fyuzi. Betri na bodi viwe kivulini, ndani ya sanduku lililozibwa vumbi. Nyaya zipite juu au ndani ya bomba. Mbuzi wetu wanakula maboksi, watashindwa na waya?

Sasa tazameni hesabu mpya. Taa ni zile zile 12, nimezigawa pande nne, tatu tatu. Usiku wa kawaida upande mmoja tu unakonyeza, robo ya sekunde katika kila sekunde mbili. Bodi na taa pamoja zinakula kama ampea 0.08. Kwa saa 12, ni ampea-saa 1 hivi. Sensa ikishtuka, pande zote zinawaka na kuzima kwa nusu dakika, na king'ora kidogo kinalia hemani. Hata zikishtuka mara 20, ni nyongeza ndogo mno. Betri ile ile iliyokufa saa sita za usiku sasa inafika alfajiri na bado ina akiba.

Mvulana wa Kitengela

Mtauliza, fisi na simba wanaogopa taa? Hapa nataka nimtaje Mkenya mwenzetu, Richard Turere, mvulana wa Kimaasai aliyekuwa akichunga ng'ombe wa baba yake huko Kitengela, mpakani mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Simba walikuwa wanawaua ng'ombe wao. Akajaribu moto, haukusaidia. Akajaribu sanamu ya mtu. Siku ya pili simba walikuwa washaizoea. Usiku mmoja akatembea na tochi akizunguka boma, simba hawakuja. Akagundua wanaogopa mwanga unaosogea. Basi akachukua betri ya gari kuukuu, kile kikonyezi cha indiketa ya pikipiki, balbu za tochi mbovu na paneli ya sola, akatengeneza taa zinazokonyeza kana kwamba mtu anatembea. Ufundi wenyewe alijifunza kwa kufungua redio mpya ya mama yake, na mama hakufurahi. Mwaka 2013, akiwa bado mvulana, alisimama kuzungumza kwenye mkutano wa TED kule Marekani.

Baadaye watafiti walichunguza maboma yenye taa hizo kandokando ya mbuga ile, kwa kumbukumbu za mwaka 2007 mpaka 2016. Walikuta mashambulizi yamepungua sana. Lakini walikuta na jambo la pili, nalo ndilo nataka mlishike: taa zilipoongezeka kwenye maboma, simba walibadilisha saa. Wakaanza kushambulia zaidi mchana. Mnyama naye anafikiri!

Ndiyo maana kwenye programu yangu taa hazikonyezi kwa mpangilio mmoja. Bodi inachagua upande bila utaratibu maalum, mara huku mara kule, kama mtu anayetembea ovyo na tochi. Kikonyezi cha pikipiki kinajua mdundo mmoja tu. Maikrokontrola unaweza kuifundisha kutozoeleka. Hata hivyo, utafiti ule ulihusu simba; fisi wetu nawaheshimu, sitoi dhamana. Miiba ya boma kwanza, taa baadaye. Na mchana mchungaji bado anahitajika.

Sote tunaijua hadithi ya yule bedui na ngamia wake, kuhusu kufunga na kutawakali. Sitairudia. Taa ni kamba tu. Ukishaifunga, itazame kama bado imekaza.

Nawaachia nini

Hamtanisikia nikisema fisi wamehama. Nyayo zao tunaziona asubuhi kando ya laga. Lakini tangu taa ya pili ifungwe boma halijavunjwa usiku. Wakubwa tumegawana zamu ya kuitazama betri kabla ya Isha, kila siku, hata siku ya mvua, na tunakijaribu king'ora. Sikumwambia tena mtoto kwamba taa itakesha. Nilimwambia, "Sisi tutakesha, taa itatuamsha." Mbuzi wake nilimlipa, na siku ya kidato cha kwanza sanduku lilinunuliwa. Alipokuwa darasa la nane mwalimu wake hakutuita tena kwa habari ya usingizi.

Vijana, tuna simu mkononi mpaka saa saba za usiku. Tunajua kubonyeza vitu vilivyofikiriwa na wengine. Mimi nawaomba mwezi huu, baada ya taraweeh, saa moja tu iwe ya kutengeneza. Si lazima kila mtu anunue bodi. Kumi mkichanga, mnapata moja na vifaa vyake. Tena redio mbovu za nyumbani zimejaa rezista na spika. Mabinti nanyi mpo; kazi hii inataka mikono mitulivu na subira, na nyinyi mnatushinda kwa vyote viwili. Ila msiguse umeme wa ukutani. Jifunzeni kwa volti 5 na 12.

Na kabla ya kutengeneza, nenda ukaulize. Muulize imamu kuhusu tangi la udhu linalofurika usiku. Taa nyekundu inayowaka maji yakijaa ingeokoa pipa ngapi? Muulize bibi yako ni wapi anajikwaa akiamka kupika daku. Taa ndogo inayohisi miguu yake na kuwaka kwa dakika moja ni kazi ya siku mbili. Usimtengenezee mtu taa kabla hujakaa naye gizani.

Na wazazi, mtoto akifungua redio, msikimbilie fimbo. Muulizeni kwanza anatafuta nini humo ndani. Kisha mwambieni airudishe kama alivyoikuta.

Naona muadhini ananitazama, na tende zishawekwa. Nikikosea, ni mimi. Kilicho sahihi kinatoka kwa Mwenyezi Mungu. Atutakabalie saumu zetu, awalinde wachungaji wetu huko porini usiku huu, na atufikishe Idd kwa salama.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.